Kwa nini kikao cha hadithi huanza na "alimpenda"

"Alimpenda." Neno hilo halisemi aliyependa ni mvulana au msichana, wala aliyependwa. Ndiyo maana vikao vya hadithi vya vijana kuchu (wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia) hapa Kisumu naviendesha kwa Kiswahili. Kiingereza cha shule kinamdai msimulizi ataje jinsia kabla sentensi haijaisha. Kidholuo nacho kinasitiri, ila majina yanaponza: ukisema Otieno (wa kiume) au Atieno (wa kike), siri imetoka. Kwa hiyo mhusika tunampa jina la utani, tuseme Mbuta.

Wanakaa vijana sita hadi wanane, dakika 90, na wawezeshaji wawili. Mmoja anaongoza, mwingine anasoma nyuso. Kijana akitoka nje analia, huyo wa pili anamfuata na kikao kinaendelea. Simu huzimwa na kutiwa kikapuni. Sauti ikirekodiwa na kufika kwenye grupu la darasa, mtoto anaweza kulala nje usiku huohuo.

"Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Natoa ya kwanza: "Mbuta alikuwa akianika omena Dunga, mkono ukatulia alipoiona ile baiskeli." Kila mmoja anaongeza sentensi mbili, tatu. Asiyetaka anapisha zamu, na haulizwi sababu.

Hatari kubwa ni kushindania machungu: huyu kapigwa, yule kafukuzwa, wa tatu lazima azidishe. Hapo nauliza, "Nani alimbakizia Mbuta chakula?" Hadithi hupata mtu wa upande wake, na pumzi zinashuka. Kijana akiteleza akasema "mimi", simkatizi wala simchimbi. Namshukuru, tunarudi kwa Mbuta, naongea naye faraghani baadaye.

Mbuta akifa, msimfufue kwa haraka ili mjisikie vizuri nyinyi wawezeshaji. Kikao kikiisha, muulize msimulizi waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo la kujiua. Akikubali, uliza kama ana njia tayari, usimwache peke yake, pigeni 116, simu ya bure ya watoto, usiku na mchana. Wengi bado wanaficha wakihofia polisi. Mwambie Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, Januari 2025.

Dakika 15 za mwisho ni za kutoka hadithini: nyayo sakafuni, kila mmoja ataje atakachokula jioni. Wanaondoka wawili wawili kabla giza halijaingia. Kifungu cha 162 cha Kanuni hiyo, kinachotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, bado kipo, kwa hiyo kwenye daftari naandika idadi tu, si majina.