Kupanga upya vitufe vya kibodi ni nini?

Ukibonyeza kitufe kilicho kuliani mwa Tab, kibodi haipeleki herufi yoyote kwenye kompyuta. Inapeleka nambari. Windows huipokea kama 16, kisha inatazama mpangilio uliochaguliwa: ukiwa wa Kifaransa inaandika A, ukiwa wa Marekani inaandika Q. Herufi iliyochorwa juu ya plastiki haihusiki hata kidogo. Kupanga upya vitufe ni kuingia kati ya nambari na herufi, ukaamua mwenyewe kila kitufe kilete nini.

Hapa Lubumbashi tunaishi na jambo hili kila siku. Mashine nyingine hutoka Ubelgiji na klavye (kibodi) ya AZERTY, nyingine hupitia Dubai na QWERTY, majina yanayotokana na herufi sita za kwanza za mstari wa juu, na zote huishia kwenye meza moja katika vibanda vya kuchapa na kufotokopi, kule wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanakopeleka TFC zao, yaani kazi za kumalizia masomo. Mchapaji aliyezoea AZERTY akikalishwa mbele ya QWERTY anaweza kuiambia Windows itumie mpangilio wa Kifaransa, akaandika bila kutazama vidole. Asiyetaka hukariri nambari za kuandika huku ameshikilia Alt: Alt+130 ni é, Alt+138 ni è, Alt+135 ni ç. Wako wanaozipiga haraka kuliko mimi ninavyopiga herufi ya kawaida! Ila nambari hizo zinadai safu za tarakimu za upande wa kulia, na laptopu ndogo hazina safu hizo.

Kubadili mpangilio hugeuza klavye nzima kwa mkupuo. Programu za kupanga upya hushika kitufe kimoja kimoja. Kwenye Windows kuna AutoHotkey, iliyoanza mwaka 2003, na PowerToys ya Microsoft. Mac ina Karabiner-Elements, Linux ina keyd. Zote ni za bure. Katika AutoHotkey unaandika mstari mmoja kwenye faili, `CapsLock::Ctrl`, unaifungua faili hiyo, na Caps Lock imekuwa Ctrl.

Watu wengi huanzia kwenye Caps Lock, na wana haki: ni kitufe kipana, kiko jirani na kidole kidogo cha kushoto, na kazi yake ni haba. Mwanaprogramu Bill Joy alipotengeneza vi, programu ya kuhariri maandishi, mwaka 1976, terminali yake (skrini na klavye) ya ADM-3A ilikuwa na Control, yaani Ctrl, mahali hapohapo, na mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L.

Faida yenyewe iko kwenye kusahihisha kuliko kuandika. Anayesahihisha TFC ya mtu hutumia muda mwingi kusogea ndani ya maandishi, na vitufe vya mishale viko pembeni. Kila ukivihitaji, mkono unahama na macho yanaufuata. Ctrl pamoja na mshale huruka neno zima, lakini Kiswahili huweka makosa katikati ya neno. Chukua “hatukuwaandikia” inayopaswa kuwa “hatujawaandikia”. Unafika mwanzo wa neno, unasogea herufi nne kulia, unafuta mbili, unaandika “ja”. Hatua hizo nne za katikati hakuna mruko wa neno utakaokuokoa nazo.

Hapo ndipo linapofaa tabaka, yaani kitufe kimoja ukikishikilia, vingine vinabadili kazi. Shikilia Caps Lock: J inakupeleka kushoto, L kulia, I juu, K chini. Herufi hizo nne ziko mahali palepale kwenye AZERTY na QWERTY, kwa hiyo ukihama mashine vidole havipotei. Ongeza U iwe Delete, na lile neno linarekebishwa bila mkono kuondoka. Kwa maoni yangu iishie hapo. Anayepanga upya klavye nzima hujikuta hawezi kuandika kwenye kompyuta ya mwenzake.

Na kompyuta ya kibanda ni ya wengi. Ukiacha tabaka lako likiwaka, anayekuja baada yako atadhani klavye imekufa, kwa hiyo weka mseto wa vitufe wa kulizima. Pia programu ya aina hii inaona kila unachobonyeza, maneno ya siri yakiwemo. Ipakue kwa watengenezaji wenyewe, usiinakili kutoka flashi ya mtu.

AutoHotkey na PowerToys hazifanyi kazi kwenye skrini ya kuingilia. Uliyebadilishana A na Q kwa programu hizo, nenosiri lako lenye A litakataliwa asubuhi mpaka ubonyeze kitufe cha zamani. Anayetaka badiliko lishike tangu mashine inapowaka huliandika kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, sehemu iitwayo Scancode Map, kisha anawasha upya. Hiyo hubadili kitufe kwa kitufe tu, haina tabaka, na inamgusa kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo.