Je, wajua nyigu anayeua kunguni wa mimea hutambuliwaje?

Chukua kifukofuko kimoja cha hariri, kidogo kuliko punje ya mchele, chembe za udongo zimekigandia pande zote. Kitie ndani ya kichupa, ziba kwa pamba, kisha subiri. Siku utakayorudi utamkuta mdudu mweusi wa milimita tatu hivi akipanda ukuta wa kioo, vipapasio vikichezacheza bila kutulia. Alikotoka unakujua: alipokuwa buu aliishi ndani ya mwili wa kunguni wa mimea, akamla taratibu mpaka akamuua. Lakini yeye ni nani hasa?

Ukijibu kwamba ni nyigu kimelea hujakosea, ila hujasema mengi. Ni kama mtu aulizwe aliyemwibia ni nani, naye ajibu kuwa ni binadamu. Kuna maelfu kwa maelfu ya spishi za nyigu vimelea, na nyingi zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Tuanze na huyo anayeliwa. Kunguni wa mimea si yule wa kitandani, ingawa ni ndugu wa mbali. Wataalamu humweka katika familia ya Miridae, yenye spishi zaidi ya 11,000. Ana mdomo mrefu mwembamba kama sindano. Huuchoma kwenye chipukizi, ua au tunda changa, akamimina mate yanayoyeyusha chembe za mmea, kisha akafyonza. Huko Amerika Kaskazini anayejulikana zaidi ni Lygus lineolaris, mdudu wa milimita sita hivi, mwenye alama ya rangi hafifu mgongoni inayofanana na herufi V. Anakula aina zaidi ya 300 za mimea. Akichoma stroberi changa, sehemu iliyochomwa haijai tena. Tunda linakomaa likiwa limekunjamana ncha.

Adui yake mkubwa ni nyigu wa jenasi ya Peristenus. Jike hatafuti kunguni mzima mwenye mabawa, bali tunutu, yaani mtoto wa kunguni ambaye bado hajaota mabawa. Akimpata humkamata, akakunja tumbo lake kupita chini ya miguu yake mwenyewe hadi mbele, akamchoma na kumwachia yai mwilini. Ni kazi ya sekunde chache. Tunutu hujinyoosha na kuendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea. Anakua, anajivua ngozi, na yule buu ndani naye anakua. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za Peristenus. Huyu hana haja ya nguo. Mwishowe buu hutoboa na kutoka, akaanguka chini, akajichimbia udongoni na kusuka kifukofuko. Kunguni hufa.

Hapo ndipo kichupa chetu kinapoingia. Na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo.

Ukimweka mdudu wako chini ya hadubini, usianze na rangi wala ukubwa. Tazama bawa la mbele. Lina mishipa myembamba iliyochora vyumba vyumba, kama ramani ya viwanja. Kuna makundi mawili makubwa ya nyigu vimelea ambayo ni jamaa wa karibu sana: Braconidae, ambamo Peristenus yumo, na Ichneumonidae. Tofauti yao iliyo rahisi kuiona ni mshipa mmoja mdogo unaokatiza upande wa nje wa bawa. Karibu Ichneumonidae wote wanao. Karibu Braconidae wote hawana. Mshipa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, lakini ndio unaoamua.

Kwa nini mshipa huo uwe na uzito hivyo? Kwa sababu katika vifukofuko vilevile, vilivyotoka kwa kunguni walewale, wakati mwingine hutoka mdudu mwingine kabisa. Anaitwa Mesochorus. Huyu ni wa Ichneumonidae, na bawani ana kichumba kidogo chenye umbo la almasi ambacho Peristenus hana. Maisha yake ni ya ajabu zaidi. Jike wa Mesochorus humtafuta kunguni ambaye tayari ana buu la Peristenus tumboni. Hupitisha mrija wake wa kutagia katika mwili wa kunguni, akalifikia lile buu, na kutaga ndani yake. Kisha mtoto wake hana haraka. Humwacha Peristenus amle kunguni, atoke, achimbe, ajisukie kifukofuko chake kwa jasho lake. Ndipo humla humo humo, akatoka yeye.

Kwa hiyo ukimwona mdudu katoka kwenye kifukofuko, usiapie kwamba ndiye aliyemuua kunguni. Huenda ni muuaji wa muuaji. Mkulima anayetaka kunguni wapungue akimwachia Mesochorus shambani, atakuwa amewasaidia kunguni. Hii ni sababu mojawapo ya wadudu wanaoletwa kutoka nchi nyingine kuwekwa kwanza karantini na kukaguliwa, kabla mtu hajafungua kizibo.

Haya, tuseme mshipa haupo. Una Braconidae mkononi. Ukifuata umbo la pingili ya kwanza ya tumbo na mpangilio wa mishipa mingine unafika kwenye Peristenus. Sasa ni Peristenus yupi?

Majina ya spishi zake yanatuambia walioyatoa walikuwa wakitazama nini. Pallipes ni Kilatini, maana yake mwenye miguu ya rangi hafifu. Mellipes ni mwenye miguu ya rangi ya asali. Watu wa kale walitazama miguu, na miguu ina hila zake: ndani ya spishi ileile mmoja hutoka mweupeupe, mwingine hudhurungi. Kundi la pallipes limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 2006 kundi hilo, kwa upande wa Amerika Kaskazini, liligawanywa katika spishi kadhaa kwa kufuata tofauti ndogondogo za maumbo na rangi. Mwaka 2017 watafiti wengine walipima maumbo upya wakayalinganisha na vinasaba, na sehemu kubwa ya mipaka ile haikusimama. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mdudu wa milimita tatu hana deni la kutufanya tumtofautishe kirahisi.

Jina linalonipendeza kuliko yote ni digoneutis. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mwenye kuzaa mara mbili. Aliyempa jina hilo mwaka 1973 hakutazama miguu, alitazama mwenendo. Peristenus digoneutis wa Ulaya hupata vizazi viwili kwa mwaka, ilhali pallipes wa Amerika Kaskazini hupata kimoja tu, majira ya kuchipua. Kunguni wenyewe hawana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Pallipes anamaliza kazi yake mapema, kisha watoto wa kunguni wanaozaliwa kiangazi wanabaki karibu bila adui wa namna hii.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ikamleta digoneutis kutoka Ulaya. Baada ya majaribio kadhaa alijikita New Jersey mwaka 1984, kisha akaenea mwenyewe kuelekea majimbo ya jirani. Katika mashamba ya alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo, yaliyofuatiliwa huko, idadi ya Lygus ilishuka kwa takriban asilimia 75. Ila fikiri kidogo: nani anajua kwamba kazi hiyo ni ya mgeni na si ya mwenyeji, kama wote wawili ni weusi, wadogo, na wanatoka kwenye kunguni yuleyule? Bila kuwatenganisha, mafanikio hayo yangekuwa uvumi tu. Tarehe ilisaidia, maana buu aliyekutwa ndani ya kunguni katikati ya kiangazi hawezi kuwa wa pallipes kirahisi. Lakini tarehe pekee ni ushahidi wa mazingira, si wa macho.

Na mara nyingi macho hayana cha kushika. Ukitaka kujua ni kunguni wangapi shambani wamevamiwa, unawakusanya na kuwapasua chini ya hadubini. Ndani unakuta buu jeupe, laini, lisilo na mabawa wala miguu. Hakuna mshipa wa kutazama, hakuna rangi ya asali. Njia ya zamani ilikuwa kuwafuga kunguni hao mpaka mabuu yatoke, yasuke, na nyigu wazima wajitokeze. Baadhi hulala kwenye vifukofuko hadi majira ya baridi yapite, kwa hiyo jibu la shamba la mwaka huu unaweza kulipata mwakani. Wengine hufa kabla ya kufika, na aliyekufa njiani hahesabiwi.

Mwaka 2000 kundi la watafiti nchini Marekani lilichapisha njia ya mkato: kumtambua nyigu kwa vinasaba vyake akiwa bado buu ndani ya kunguni. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Unamsaga kunguni mzima pamoja na aliyemo ndani. Mchanganyiko huo una vinasaba vya wawili. Kisha unatumia mbinu ya PCR, ambayo hunakili kipande fulani cha vinasaba mara mamilioni, ukiwa umechagua vianzio, yaani vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili, vinavyoshika vinasaba vya nyigu tu na kuviacha vya kunguni. Kisipopatikana chochote, kunguni hakuwa amevamiwa. Kikipatikana, unakisoma. Kipande kinachotumika sana ni cha jeni iitwayo COI, na urefu wake wa kawaida ni herufi 658 za vinasaba. Baadaye njia hiyo iliboreshwa ili kila spishi itoe kipande cha urefu wake, ukitazama tu urefu wa kipande unajua ni yupi kati yao. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache.

Usidhani basi hadubini imestaafu. Vinasaba vinakuambia kwamba yai au buu lilikuwamo. Havikuambii kama lingefaulu kumuua mwenyeji wake. Na herufi 658 peke yake si jina. Lazima ulinganishe na za mdudu ambaye mtu alishamtambua kwa umbo. Huyo mtu akikosea, kosa lake litanakiliwa na kila anayemfuata, na litaonekana la kisayansi kabisa kwa sababu limeandikwa kwa herufi za vinasaba.

Mfano wa jinsi jina linavyoweza kupotosha unatoka kwa jirani wa karibu. Kunguni anukaye wa Asia, Halyomorpha halys, alivamia Marekani miaka ya 1990 na kuwa balaa kwenye mashamba ya matunda. Huko kwao ana nyigu anayetaga ndani ya mayai yake, mdudu mdogo kuliko hata Peristenus. Mwaka 2009 watafiti wa China walimwandika nyigu huyo kama spishi mpya, Trissolcus halyomorphae. Baadaye vielelezo vya zamani vilipokaguliwa upya ikabainika kwamba alishapewa jina tangu 1904: Trissolcus japonicus. Alikuwa mdudu mmoja mwenye vitambulisho viwili, na yaliyojulikana juu yake yalikuwa yametawanyika chini ya majina yote mawili.

Kisa hakikuishia hapo. Wamarekani walikuwa wakimchunguza karantini tangu 2007, wakipima kama ni salama kumwachia. Mwaka 2014, huko Beltsville, Maryland, mayai ya kunguni yaliyowekwa nje makusudi kama chambo yalitoa nyigu. Mtaalamu aliyewatazama kwa hadubini akaona ni japonicus. Je, walitoroka maabara? Vinasaba vilipolinganishwa na vya ukoo uliofugwa karantini, havikulingana. Nyigu alikuwa amekuja mwenyewe kwa njia zake, bila kusubiri kibali.

Pale Beltsville umbo lilisema ni nani, vinasaba vikasema si wa maabara. Hakuna kimoja ambacho kingetosha. Ndiyo maana siku hizi nyigu akitoka kwenye kichupa kama chetu, mara nyingi hachukuliwi mzima kwenda kusagwa. Hung'olewa mguu mmoja tu, nao ndio unaopelekwa kutolewa vinasaba. Mwili uliobaki hugundishwa kwenye ncha ya kikaratasi cha pembetatu, kikaratasi kikachomekwa pini, na chini yake ikawekwa lebo ndogo: mahali, tarehe, mmea, na jina la kunguni aliyemtoka. Mstari wa mwisho, ule wa jina la nyigu, baadhi ya wataalamu huuandika kwa penseli.