Anayekatika Pumzi Usingizini Apimwe na Macho

Katika Wiki ya Glakoma Duniani, yaani ya ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, inayoadhimishwa kila mwaka mwezi Machi, wananchi wengi wa Moshi na vitongoji vyake hujitokeza kupimwa presha ya macho, jambo tunalolishukuru. Hata hivyo, ni wachache mno wanaotueleza sisi wa kliniki ya macho jinsi wanavyolala. Wengi bado wanaamini kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mnono, imani ambayo tumechoka kuisahihisha.

Mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini hukoroma kwa nguvu, kisha koo lake hujiziba na pumzi kusimama kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka ashtuke na kuvuta hewa kwa kishindo. Hali hiyo ikijirudia mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Kila pumzi inaposimama, oksijeni katika damu hushuka, na mgonjwa anaposhtuka presha ya damu hupanda ghafla. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni kwa wingi zaidi mwilini, na gizani mahitaji yake huongezeka badala ya kupungua. Mishipa yake midogo, ambayo kwa kawaida hutanuka na kujibana ili damu ipite kwa kiasi kinachofaa, hudhoofika kidogo kidogo kwa misukosuko hiyo ya kila usiku, na kwa mwenye kisukari madhara huwa makubwa zaidi.

Ndiyo maana wagonjwa hawa huonekana kwa wingi kuliko watu wengine miongoni mwa wenye glakoma, ikiwemo ile ambayo presha ya jicho haizidi kiwango cha kawaida cha milimita 21 za zebaki, na miongoni mwa waliokosa damu ghafla kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, ambao huamka asubuhi jicho moja limepoteza sehemu ya uoni. Hatusemi kwamba kila anayekoroma atapofuka. Tunasema kwamba kipimo kimoja cha presha ya macho, kilichochukuliwa saa nne asubuhi, hakielezi yaliyotokea usiku.

Waongoza watalii na wagumu, yaani wabeba mizigo, wa Kilimanjaro wanaokatika pumzi wakilala kambi za juu wana hali tofauti, inayotokana na uhaba wa oksijeni mlimani, na kwa kawaida huisha wanaposhuka.

Anayekuja kliniki aje na orodha ya dawa anazotumia, miwani yake, barua ya rufaa ikiwa ametumwa na kituo kingine, na ikiwezekana mtu anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajisikii anapokoroma na kukatika pumzi. Atawekewa matone ya kupanua mboni, hivyo asije akiendesha gari wala bodaboda, kwa kuwa uoni hufifia kwa saa kadhaa. Matone ya steroidi ya kujinunulia duka la dawa kwa ajili ya macho mekundu ya asubuhi yaachwe: hupandisha presha ya jicho, na wekundu huo wakati mwingine husababishwa na kope zilizolegea, zinazoandamana na ugonjwa huu.

Aliyepewa mashine ya hewa ya kulalia, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijizibe, na macho yakawa makavu, barakoa yake huenda inavujisha hewa. Airudishe irekebishwe, asiache kuitumia. Anayepoteza uoni ghafla asisubiri tarehe yake ya kliniki, aende hospitali siku hiyohiyo.