Kocha Mpya wa Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Siku Zake za Kwanza

Msimu wa kawaida wa futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikuu hukaribia kwisha mwishoni mwa Novemba, na hapo ndipo makocha wengi hufukuzwa na wengine huajiriwa. Tangu kocha atangazwe hadi aiongoze timu yake mpya katika mechi ya kwanza hupita miezi kadhaa, na kuhusu muda huo husemwa mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Kocha akishatia saini mkataba hupumzika akisubiri msimu.

Ukweli ni kwamba siku hizo za mwanzo ndizo zenye shughuli nyingi kuliko zote. Zamani wanafunzi wa sekondari walianza kutia saini za kujiunga na vyuo Jumatano ya kwanza ya Februari, lakini mwaka 2017 likaanzishwa dirisha la mapema katika Desemba, na mwaka 2024 dirisha hilo likasogezwa hadi mwanzoni kabisa mwa mwezi huo. Kwa hiyo kocha anayeajiriwa mara tu baada ya mechi ya mwisho hubakiwa na siku chache za kuwashawishi vijana waliomwahidi mtu mwingine. Hata katika vipindi ambavyo kalenda ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hukataza kuonana ana kwa ana na wanaosajiliwa, bado anaruhusiwa kuwapigia simu na kuwaandikia. Pamoja na haraka hiyo, naamini watu wa kwanza kusikilizwa wanapaswa kuwa wachezaji waliopo chuoni tayari, kwa kuwa wao wamempoteza kocha waliyemwamini na hawakuulizwa lolote kuhusu mrithi wake.

Dhana: Kanuni hazimruhusu kuendelea na timu yake ya zamani baada ya kukubali kazi mpya.

Jambo hili huamuliwa na makubaliano ya pande zinazohusika, na mifano ni mingi. Kirby Smart alitangazwa kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia Desemba 2015, lakini aliendelea kuiongoza safu ya ulinzi ya Chuo Kikuu cha Alabama hadi fainali ya ubingwa wa taifa ya Januari 11, 2016, ambayo Alabama ilishinda kwa alama 45 dhidi ya 40 za Clemson. Miaka sita baadaye Dan Lanning alifanya vivyo hivyo: aliajiriwa na Oregon Desemba 2021 na kubaki na safu ya ulinzi ya Georgia hadi ikatwaa ubingwa mwezi uliofuata. Wote wawili walilazimika kuandaa mechi za timu moja huku wakisajili kwa ajili ya nyingine.

Hata hivyo mpangilio huo hauendi vizuri kila mara. Lane Kiffin alichukuliwa na Florida Atlantic Desemba 2016 akiwa bado anaongoza ushambuliaji wa Alabama. Baada ya ushindi wa nusu fainali aliachana na timu hiyo wiki moja kabla ya fainali, nafasi yake ikachukuliwa na Steve Sarkisian, na Alabama ikafungwa na Clemson 35 kwa 31. Sarkisian mwenyewe aliajiriwa na Texas Januari 2, 2021, akabaki Alabama hadi fainali na kushinda 52 kwa 24 dhidi ya Ohio State.

Dhana: Anaweza kuwaita wachezaji wake wa zamani wamfuate.

Hapa kanuni ni kali. Mchezaji wa chuo kingine hapaswi kushawishiwa kabla jina lake halijaingizwa katika mfumo rasmi wa uhamisho, iwe moja kwa moja au kwa kupitia jamaa na marafiki. Jina likishaingia, kocha yuko huru kuzungumza naye kama makocha wengine wote. Kizuizi hiki ni cha haki, kwa sababu wanaoachwa nyuma ni wanafunzi wenye masomo ya kumaliza, na kocha mpya wa chuo chao naye anastahili nafasi ya kuzungumza nao kwanza.

Dhana: Mazoezi huanza anapofika.

Timu ikiwa bado ina mechi ya mwisho wa mwaka, mara nyingi huongozwa na kocha wa muda. Mazoezi ya uwanjani chini ya kocha mpya huanza katika majira ya kuchipua, nayo hayazidi vipindi 15. Kabla ya hapo kuna mazoezi ya viungo ya Januari na Februari, ambapo muda wa shughuli za lazima hauzidi saa nane kwa wiki na sehemu kubwa ya saa hizo huwa mikononi mwa kocha wa viungo. Ndiyo maana katika kuunda benchi lake la ufundi, ambako wasaidizi wengi anaowataka huwa bado wana mikataba kwingine na huenda wakahitaji kulipiwa fidia, kocha mkuu makini huishughulikia nafasi ya kocha wa viungo mapema, mara nyingine hata kabla ya kuwapata waratibu wa ulinzi na ushambuliaji.