Elimu ya vitabu vya kale: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Dhana: Anayesoma vitabu vya kale amekimbia hesabu.

Hapa Tabora mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) huambiwa hivyo hata na wazazi wake. Ukweli ni kwamba sanaa huria, yaani masomo ya msingi ambayo elimu hii imetokana nayo, zilizofundishwa Ulaya katika zama za kati zilikuwa saba, na kati ya hizo zilikuwamo hesabu, jiometri na elimu ya nyota, sambamba na sarufi, mantiki, balagha na muziki. Chuo cha St. John's cha Annapolis, Marekani, ambacho tangu 1937 kimejenga masomo yake juu ya vitabu vya kale, humtaka kila mwanafunzi asimame ubaoni athibitishe kanuni za jiometri za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale.

Dhana: Vitabu hivyo ni mali ya Wazungu.

Maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yalitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na Ulaya ilimwelewa kwa msaada mkubwa wa fafanuzi za Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba (1126–1198). Sisi wenyewe tuna Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili. Mtaala unaoiacha una kasoro, lakini lawama hiyo ni ya aliyeupanga.

Dhana: Ni kukariri hadithi zisizohusu maisha yetu.

Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kabla ya kwenda Makerere, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa 1969 akiwa Rais. Humo mkopeshaji Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kama hati ya deni inavyosema, naye Portia, aliyejifanya mwanasheria mahakamani, anamruhusu akate, mradi asimwage hata tone la damu, kwa kuwa hati haikutaja damu. Mpe kijana ambaye mama yake anadaiwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, asome sehemu hiyo, kisha umuulize kama mkataba uliosainiwa kwa hiari unaweza kuwa batili, na kama Portia alitenda haki au alishinda kwa ujanja tu. Hapo hakuna cha kukariri: atalazimika kurudi kwenye maneno yenyewe, ajenge hoja, na amsikilize mwenzake anayempinga.

Dhana: Haina ajira.

Ni kweli kwamba haimpi mtu leseni ya udaktari wala ya uhandisi.

Dhana: Ni ya matajiri.

Vitabu vingi vya kale havina tena hakimiliki na husomwa bure kwenye intaneti. Kikwazo kikubwa kwetu ni lugha, kwani tafsiri za Kiswahili bado ni chache.