Vihatarishi vya kuendelea kwa presha ya macho

Mtu akiambiwa ana presha ya macho, yaani glakoma, swali lake la kwanza huwa: nitapofuka? Jibu linategemea kasi ya ugonjwa. Mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo una nyuzi zipatazo milioni 1, na zikifa hazirudi. Kihatarishi cha kuendelea kwa glakoma ni jambo lolote linaloongeza uwezekano wa nyuzi zilizobaki kufa upesi zaidi.

Tuseme watu wawili wamepimwa Tanga siku moja, wote wakakutwa na presha ndani ya jicho ya milimita 24 za zebaki. Kawaida ni 10 hadi 21. Mmoja ni dada wa Ngamiani, miaka 48, upeo wake wa kuona bado mzima. Mwingine ni mzee wa Pangani, miaka 72, ambaye jicho la kushoto halioni tena pembeni. Kipimo ni kimoja, lakini mzee yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa umri wake na kwa uharibifu uliokwisha kutokea. Konea yake, kile kioo cha mbele ya jicho, ikiwa nyembamba, hatari huzidi, na mashine inaweza kusoma presha ndogo kuliko iliyopo. Daktari akiona pia michirizi ya damu kwenye kichwa cha mshipa wa fahamu, au chembe nyeupe kama mba juu ya lenzi, atataka kumwona mzee mara kwa mara kuliko dada.

Hayo hakuna awezaye kuyabadili. Presha yenyewe inabadilika. Utafiti uliofanyika Sweden ulionyesha kwamba kila milimita 1 inayoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 10 hivi. Hata aliye na presha ya kawaida lakini mshipa unaharibika hufaidika ikishushwa.

Kinachowaumiza wengi ni kuacha dawa. Glakoma ya kawaida haiumi, na matone hayarudishi nuru iliyopotea, hivyo mtu huona anatupa pesa. Chupa ikiisha, anangoja. Wakati huo nyuzi zinakufa. Ndiyo maana nayapa uzito matokeo ya hospitali ya KCMC, Moshi, yaliyochapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka 1, matibabu ya leza yalifaulu kwa macho 61 katika kila 100, na matone ya timololi kwa 31. Leza haimtaki mgonjwa akumbuke chupa kila asubuhi na jioni.

Jingine ni matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho. Mtu macho yanamwasha, anakwenda duka la dawa, anapewa deksamethasoni au prednisoloni, anapata nafuu, anaendelea miezi. Dawa hizo hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na mwenye glakoma yuko hatarini zaidi. Tafadhali, soma jina la dawa kabla ya kuitia jichoni, na usiitumie bila daktari wa macho kujua.

Ukienda kliniki ya macho, iwe hospitali ya Bombo, Tanga, au kwingine, beba chupa zote unazotumia, dawa za presha ya damu zikiwemo, maana presha ya damu kushuka mno usiku nako huhusishwa na glakoma kuendelea. Beba na majibu ya zamani ya upeo wa kuona. Daktari huyalinganisha na ya sasa, kwa kuwa kipimo kimoja hakimwonyeshi kasi.