Kupinga mipaka ya eneo bunge kortini: kesi huanza kabla ya Gazeti Rasmi

Kifungu cha 89(10) cha Katiba ya Kenya kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu kupinga uamuzi wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kuhusu mipaka. Si lazima awe mwanasiasa. Ila muda ni mfupi: siku 30 tangu uamuzi uchapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mahakama nayo ina miezi 3 ya kuamua. Kwa hesabu ya Kifungu cha 259, siku ya kuchapishwa haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa, na Jumapili zote za katikati zimo. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kutafuta ushahidi amechelewa. Faili ijengwe tangu mapendekezo ya kwanza ya tume yanapotolewa, na maoni uliyoipa tume kwa maandishi yawe na mhuri wa kupokewa, kwa kuwa Kifungu cha 89(7) kinailazimu tume kushauriana na wahusika wote.

Kiini cha kesi ni hesabu. Kigezo cha idadi hupatikana kwa kugawanya wakazi wote wa nchi kwa maeneo bunge 290. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, ndipo mwaka 2012 kigezo kikawa 133,138. Kwa watu 47,564,296 wa sensa ya 2019, kigezo ni takriban 164,015. Majiji na sehemu zenye wakazi wachache zinaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 40, yaani kati ya 98,409 na 229,621. Kwingine ni asilimia 30: takriban 114,810 hadi 213,220.

Wengi hukosea hapa. Wakiona eneo lao limo ndani ya viwango hivyo, hudhani hoja imekwisha. Mimi nakisoma Kifungu cha 89 tofauti: kila tofauti na kigezo inahitaji sababu iliyotajwa katika Kifungu cha 89(5), yaani hali ya kijiografia na miji, maslahi ya jamii na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, au njia za mawasiliano. Tume isipoonyesha sababu hiyo, hapo ndipo pa kubana.

Kusema tu kwamba "jamii yetu imegawanywa" hakumsaidii jaji. Ambatisha kwenye hati ya kiapo jedwali la kila kata ndogo: wakazi wake kwa mujibu wa sensa, umbali kwa barabara hadi makao ya wadi, soko wanaloliendea, mto usio na daraja. Weka ramani mbili, ya tume na yako, kisha ufanye hesabu ya pande zote mbili za mpaka. Ukihamisha kata ndogo yenye watu 9,000 kwenda kwa jirani, jirani atapanda hadi wangapi, na ulikoitoa patabaki wangapi? Ombi lisilojibu swali hilo ni nusu ombi, na wakazi wa upande wa pili wana haki ya kusikizwa.

Usiombe eneo bunge la 291; idadi imewekwa na Katiba yenyewe. Mpaka wa kaunti nao una njia yake katika Kifungu cha 188, inayopitia Bunge la Kitaifa na Seneti.

Baada ya IEBC kutangaza mipaka mipya kwa amri ya Machi 2012, maombi zaidi ya 100 yaliunganishwa mbele ya majaji watano, nao wakatoa hukumu Julai mwaka huo. Waliona kwamba mamlaka ya Kifungu cha 89(10) ni mapana kuliko mapitio ya kawaida ya kimahakama yanayoangalia utaratibu tu. Hukumu hiyo inafaa kusomwa yote. Hata hivyo, wakati ule Jedwali la Sita la Katiba lilikataza eneo bunge lolote lililokuwepo lisipotee, na kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza pekee. Maeneo yenye watu wachache yaliyookolewa nayo hayawezi kuitegemea tena.

Je, tume isipofanya mapitio kabisa? Katiba inataka yafanywe kati ya miaka 8 na 12, na miaka 12 iliisha Machi 2024 wakati IEBC ilikuwa haina makamishna. Hapo hakuna uamuzi wa kupingwa wala tangazo la kuanzia kuhesabu siku 30. Kifungu cha 89(10) hakifai. Ombi lipelekwe chini ya Kifungu cha 258, likidai Katiba imekiukwa.